Usihame maabara ya homoni, ongeza bioinfomatiki

Septemba 2023 Google DeepMind ilitoa programu ya AlphaMissense. Programu hiyo ilipitia mabadiliko milioni 71 ya aina moja, yale ambayo herufi moja ya DNA ikibadilika hubadili asidi amino moja katika protini ya binadamu, na asilimia 89 kati yake ikayawekea alama: huenda lina madhara, au huenda halina. Juni 2025 ikafuata AlphaGenome, inayosoma kipande cha hadi herufi milioni moja na kukisia badiliko linavyogusa uendeshaji wa jeni hata nje ya sehemu zinazotengeneza protini. Tangu hapo ushauri mmoja unasikika sana kwenye vitivo vya tiba na sayansi za maabara: kijana mwenye akili aachane na mirija na vitendanishi, ajifunze kuandika programu, ahamie bioinfomatiki, yaani uchambuzi wa data za jeni kwa kompyuta, kwa sababu mustakabali wa magonjwa ya kurithi uko kwenye kompyuta. Kwa maoni yangu ushauri huo umeyasoma mambo kinyumenyume. Programu hizi zimeongeza idadi ya madai yanayosubiri kuthibitishwa, na kwa magonjwa ya homoni ya kurithi uthibitisho hutoka kwenye kiwango cha homoni kilichopimwa vizuri. Anayetaka kazi ya kitaaluma itakayodumu ashike kipimo kwanza, kisha aweke bioinfomatiki juu yake. Kinachomkwamisha ni kwamba vyuo vyetu bado havina kiti cha mtu wa namna hiyo.

Inafaa kukumbuka kwamba kupima homoni kulianza kama utafiti mgumu, kabla hakujawa huduma ya kila siku. Rosalyn Yalow alikuwa mwanafizikia wa nyuklia, Solomon Berson daktari, na walifanya kazi pamoja katika hospitali ya maveterani huko Bronx, New York. Katikati ya miaka ya 1950 waligundua kwamba wagonjwa waliochomwa insulini hutengeneza kingamwili dhidi yake. Jarida moja liliikataa makala yao ya kwanza mwaka 1955, kwa sababu wakaguzi hawakuamini kwamba protini ndogo kama insulini inaweza kuchochea kingamwili. Kufikia 1960 wawili hao walikuwa wameigeuza kingamwili ileile kuwa kifaa cha kupimia, chenye uwezo wa kugundua kiasi kidogo mno cha homoni ndani ya damu. Yalow alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1977, miaka mitano baada ya Berson kufariki. Kwa muda mrefu baada ya hapo, idara kubwa za endokrinolojia zilikuwa na maabara zake, zikitengeneza kingamwili zenyewe, zikitia iodini yenye mionzi, na wanafunzi wa uzamivu wakichora mikondo ya vipimo kwa mkono. Kisha zikaja mashine za kiwandani zenye vitendanishi vilivyofungwa. Wanataaluma wakahamia jeni, maabara ikaachiwa kazi ya kutoa majibu, na kizazi kilichofuata kikaamini kwamba hapo hakuna tena cha kutafiti.

Huku kwetu bioinfomatiki ilikua kwa njia tofauti. Mradi wa H3Africa, uliofadhiliwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani pamoja na Wellcome ya Uingereza, uliendesha kazi zake kati ya 2012 na 2022, na ndani yake mtandao wa H3ABioNet, uliosimamiwa kutoka Chuo Kikuu cha Cape Town, ukafundisha watu katika nchi nyingi za bara. Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi na Makerere kule Kampala wakawa na mafunzo ya uzamili. Uviko-19 ilipoingia, fedha nyingi zilielekezwa kusoma jenomu, yaani DNA yote, za vimelea. Waliofuzu wengi kwa hiyo wanajua malaria, kifua kikuu na virusi. Upande wa homoni za watoto, kituo cha mafunzo ya endokrinolojia ya watoto kwa Afrika kilianzishwa Nairobi mwaka 2008 na kimetoa madaktari bingwa. Hao ni watu wa wodini na kliniki. Daktari anayeagiza kipimo tunaye, na msomaji wa jenomu tunaye. Anayepungua ni mtu wa katikati, anayejua jibu la kipimo limetengenezwaje na linaweza kudanganya wapi, na anayeweza kuliweka kando ya faili la jenomu akaona kama yanakubaliana.

Ugonjwa mmoja unatosha kuonyesha pengo hilo: upungufu wa kimeng'enya cha 21-hidroksilesi, aina ya kawaida zaidi ya ugonjwa wa kurithi wa tezi za adrenali unaofupishwa CAH. Unampata takribani mtoto 1 kati ya 10,000 hadi 20,000. Kimeng'enya kikikosekana, tezi haitengenezi kotisoli ya kutosha, na mara nyingi aldosteroni pia. Pituitari, tezi ndogo chini ya ubongo, inazidi kuichochea kwa homoni yake ya ACTH, malighafi zinarundikana, hasa 17-hidroksiprojesteroni, yaani 17-OHP, na sehemu yake inageuzwa kuwa homoni za kiume. Mtoto wa kike anaweza kuzaliwa na sehemu za siri zisizo dhahiri, kwa hiyo angalau mtu atashtuka. Wa kiume huonekana mzima. Wiki ya pili au ya tatu anaanza kutapika na kupungua uzito, sodiamu inashuka, potasiamu inapanda, na anaweza kufariki huku kwenye faili pameandikwa maambukizi ya damu. Upimaji wa watoto wachanga ulijaribiwa Alaska mwaka 1977, na leo ni jambo la kawaida Marekani na katika nchi kadhaa za Ulaya. Kenya na Tanzania hazina mpango wa kitaifa wa kumpima kila mtoto mchanga ugonjwa huu.

Kipimo chenyewe kinaonekana chepesi: matone ya damu ya kisigino kwenye kadi, kitobo cha milimita 3, kingamwili, jibu. Shida huanzia kwenye kadi. Inapaswa kukauka ikiwa imelazwa, mbali na jua, kwa saa tatu au zaidi, kisha ifungwe pamoja na kikausha unyevu, na hilo la mwisho si hiari kwa hali ya hewa ya Mombasa au Tanga. Muuguzi akidondosha kwenye kadi damu aliyoichota kwa mrija wa EDTA, kemikali ya kuzuia damu isigande, kwa sababu tu ndio ulikuwa karibu, kipimo kinachotegemea mng'ao wa metali ya europiamu kinaharibika, maana EDTA huishika europiamu: 17-OHP inapanda kwa uongo na TSH, homoni inayochochea tezi ya shingo, inashuka kwa uongo. Halafu kuna njiti. Adrenali ya mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati bado inamwaga steroidi za kijusi, hasa 17-hidroksipregnenoloni salfeti, na kingamwili nyingi haziitofautishi vizuri na 17-OHP. Sampuli ikichujwa kwanza kwa kiyeyushi kisichochanganyika na maji, salfeti inabaki majini na jibu linakaribia ukweli. Mashine nyingi za kujiendesha hazina hatua hiyo. Mtu asiyelijua jambo hili atapeleka watoto wazima kusomwa jenomu, na atakayepokea faili hana namna ya kujua kwamba safari ilianza vibaya.

Dawa ya hilo ni spektrometa ya masi iliyounganishwa na kromatografia, mashine inayozitenganisha molekuli na kuzitambua kwa uzito, nayo ina mtego wake. 21-deoksikotisoli, 11-deoksikotisoli na kotikosteroni zina fomula moja, C21H30O4, kwa hiyo zina uzito mmoja, na kinachozitenganisha kwa uhakika ni muda wa kila moja kutoka kwenye safu ya kromatografia. Meneja akitaka sampuli nyingi zaidi kwa saa na muda ukafupishwa bila kukagua, vilele viwili vinaungana. Ya kwanza ni alama nzuri ya upungufu wa 21-hidroksilesi. Ya pili hupanda katika upungufu wa 11-beta-hidroksilesi, ugonjwa mwingine wa jeni nyingine, ambao mara nyingi huja na shinikizo la damu na si kupoteza chumvi. Kosa la dakika moja kwenye kromatografia linampeleka mwanabioinfomatiki kutafuta kwenye jeni isiyohusika. (Bila shaka atapata kitu, kwa kuwa kila jenomu ina mabadiliko, na ukitafuta kwa bidii lipo litakalofanana na sababu.)

Upande wa jeni ni mgumu zaidi, na ndipo imani kwamba kompyuta inatosha inapovunjika. Jeni husika, CYP21A2, iko kromosomu ya 6, na umbali wa takribani herufi 30,000 kutoka hapo iko pacha yake iliyokufa, yaani isiyofanya kazi, CYP21A1P, inayofanana nayo kwa karibu asilimia 98 katika sehemu zinazotafsiriwa. Mashine nyingi za kusoma jenomu hutoa vipande vya herufi 150 hivi. Kipande kinachofaa sawasawa pande zote mbili, programu ya kupanga vipande hukipa alama ya uhakika sifuri, na programu maarufu ya kutafuta mabadiliko, HaplotypeCaller ya kifurushi cha GATK, kwa mipangilio yake ya kawaida huvitupa vipande vyenye alama chini ya 20. Ripoti inatoka safi, haikuonekana kitu, na usafi huo unaweza kuwa ni matokeo ya kutosoma kabisa. Jeni hii pia iko ndani ya eneo la kinga la HLA, ambalo toleo la jenomu rejea la GRCh38 lina nakala mbadala kadhaa. Anayetumia toleo hilo na nakala zake zote bila programu inayozitambua anaongeza vipande vyenye alama sifuri kwa mikono yake mwenyewe. Suluhisho linajulikana: kukuza jeni nzima kwa PCR ndefu, njia ya kunakili DNA, yenye viashirio vya CYP21A2 peke yake, kuhesabu nakala kwa njia ya MLPA, au kutumia mashine zinazosoma vipande virefu. Lakini hutafuti suluhisho la tatizo usilojua kama lipo.

AlphaMissense inasaidia wapi hapa? Kidogo. Karibu asilimia 95 ya mabadiliko yanayoleta ugonjwa huu hutokana na jeni hai kubadilishana vipande na pacha wake mfu. Mengi ni kukatika kwa kipande kikubwa, au badiliko la introni ya 2 (kipande cha jeni kinachokatwa kabla ya protini kutengenezwa) linaloharibu uunganishaji wa RNA, au upungufu wa herufi 8 katika eksoni ya 3 (kipande kinachobaki). Hakuna hata moja kati ya hayo lililo la kubadili asidi amino moja, kwa hiyo programu hailitamki. Na hata pale ambapo kompyuta imesoma sawa, maana inaweza kuwa kinyume. Badiliko liitwalo p.Gln319* husitisha protini katikati, na programu yoyote italiita baya, kwa haki. Ila kuna watu wenye nakala mbili za CYP21A2 kwenye kromosomu moja, moja ikiwa na badiliko hilo na nyingine nzima. Kromosomu hiyo inatengeneza kimeng'enya kama kawaida. Mtu wa aina hiyo akiwa na badiliko halisi kwenye kromosomu ya pili, faili lake linaonekana la mgonjwa ilhali yeye ni mbebaji tu. Kinachoamua ni hesabu ya nakala pamoja na kipimo cha kuchochea: unachota damu dakika ya 0, unampa mikrogramu 250 za ACTH ya kutengenezwa, unachota tena dakika ya 60. 17-OHP ikivuka 30 nmol/L, yaani takribani 1,000 ng/dL, unafikiria aina nyepesi ya ugonjwa. Ikivuka 300 nmol/L, aina kali. Vizio hivi viwili vinatofautiana kwa mara 33, na jibu lisiloandikwa kizio chake ni hatari kuliko kukosa jibu.

Mwongozo wa kuainisha mabadiliko uliotolewa na vyama viwili vya Marekani mwaka 2015, unaotumika karibu dunia nzima, uliweka ukadiriaji wa kompyuta kuwa ushahidi wa kuunga mkono tu. Kazi za baadaye zimeruhusu baadhi ya programu zipewe uzito mkubwa zaidi, na nakubali hilo. Hata hivyo majaribio ya utendaji wa protini, na dalili zinazolingana hasa na jeni moja, bado ndiyo yanayovusha badiliko kutoka "maana haijulikani". Kwa Waafrika kundi hilo la yasiyojulikana ni kubwa, kwa sababu hifadhidata zimejengwa zaidi juu ya watu wenye asili ya Ulaya. Mwaka 2020 watafiti wa H3Africa walisoma jenomu nzima za watu 426 kutoka makundi 50 ya lugha na makabila, wakakuta zaidi ya mabadiliko milioni 3 ambayo hayakuwa yameripotiwa. Kila moja ni swali, na yanayogusa jeni za homoni yanahitaji mtu wa kupima homoni.

Wanaopinga wana hoja, na nzito kuliko zote ni ya gharama. Spektrometa ya masi hufika mamia ya maelfu ya dola, inahitaji nitrojeni mfululizo, umeme usiokatika, viyeyushi vya daraja la juu, na fundi ambaye pengine anatoka nje ya nchi. Kompyuta mpakato na intaneti ni nafuu, na bioinfomatiki ni njia ya mtafiti wa Dodoma kushindana na wa Boston bila kusubiri zabuni. Hoja hiyo siidharau. Ila mashine za aina hii tunazo tayari katika ukanda, kwenye maabara zinazopima mabaki ya viuatilifu, sumukuvu na viwango vya dawa mwilini. Spektrometa inayopima viuatilifu kwenye mboga inaweza kupima 17-OHP: mikrolita 100 hadi 200 za seramu, kiwango rejea cha ndani chenye deuteri (hidrojeni nzito), kutenganisha protini, safu ya kromatografia, na kufuatilia molekuli yenye uzito wa 331 inayovunjika kuwa vipande vya 97 au 109. Kinachohitajika ni makubaliano ya kutumia mashine siku mbili kwa wiki na mtu wa kuthibitisha njia. Makubaliano kati ya idara mbili za taasisi mbili, nakiri, wakati mwingine ni magumu kuliko kununua mashine.

Hoja ya pili husemwa kwa methali: mshika mawili, moja humponyoka. Ingekuwa kweli kama ingetakiwa awe bingwa sawasawa wa fani zote mbili. Anachotakiwa ni kuwa bingwa wa moja na kuifahamu ya pili kiasi cha kuuliza swali linalouma. Uingereza imelipanga jambo hili kitaasisi: mpango wa mafunzo ya wanasayansi wa NHS huchukua miaka mitatu, mwanafunzi analipwa mshahara, anapata uzamili, anasajiliwa kama mwanasayansi wa kitabibu, na bioinfomatiki ya jenomu ni njia mojawapo iliyo sawa kwa hadhi na biokemia ya kitabibu.

Dhaifu kabisa ni ile inayosema kupima homoni siku hizi ni kubonyeza kitufe. Anayeisema hajawahi kukaa na majibu yanayogombana. Mgonjwa anayemeza vidonge vya bayotini vya miligramu 5 au 10 kwa ajili ya nywele na kucha, wakati mwili unahitaji mikrogramu 30 hivi kwa siku, anaweza kuonyesha TSH iliyoshuka na T4 huru, homoni ya tezi ya shingo, iliyopanda kwenye mashine zinazotumia streptavidini, protini inayonasa bayotini, akafanana kabisa na mtu mwenye tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari rasmi mwaka 2017. Mwanamke mwenye prolaktini ya juu anaweza kuwa na makroprolaktini, prolaktini iliyoshikamana na kingamwili, isiyo na madhara. Unaigundua kwa kuizamisha kwa kemikali ya PEG na kuona kama imebaki chini ya asilimia 40. Mwenye uvimbe mkubwa wa pituitari anaweza kutoa jibu la kawaida kwa sababu homoni imezidi hadi kuifunika mashine, mpaka uizimue sampuli mara 100. ACTH inataka mrija wa plastiki wenye EDTA na barafu. Renini, kinyume chake, ikiwekwa kwenye barafu kabla ya kutenganishwa plazima inaweza kupanda yenyewe. Kitufe kinatoa namba. Kama namba hiyo ni ya mgonjwa au ni ya mashine, kitufe hakisemi.

Turudi kwenye ajira, maana ndiko kijana anakoumia. Mtaalamu wa maabara ana baraza la kumsajili, Tanzania na Kenya, na ana kada serikalini. Mwanabioinfomatiki wa kitabibu hana baraza, na mara nyingi nafasi yake ni ya mradi. Mei 2025 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zilitangaza kusitisha utoaji wa ruzuku mpya zenye mafungu ya kupitishwa kwa taasisi za nje hadi utaratibu mpya uwekwe, na kazi zilizosimama juu ya mafungu hayo zikaingia mashakani kwa tangazo moja. Anayemshauri kijana aache kada yenye mzizi kwa nafasi ya mkataba wa miaka miwili inayolipwa kutoka ng'ambo amwambie hatari hiyo waziwazi. Ndani ya chuo kuna kikwazo kingine. Vyuo vya Tanzania humtaka mwanafunzi awe na GPA ya 3.8 katika shahada ya kwanza na 4.0 katika uzamili ili aanze ngazi ya taaluma, kisha kupanda kunategemea makala, na mara nyingi vigezo humpendelea mwandishi wa kwanza au hupunguza alama kadiri waandishi wanavyoongezeka. Makala ya jenomu ina waandishi 40 au 60, na aliyeandika mfululizo wa programu yuko katikati ya orodha. Aliyethibitisha kipimo kwa miezi minane pengine ametajwa kwenye shukrani.

Kwa kijana, mpangilio wenye mantiki ni huu. Aanze na uzamili wa biokemia ya kitabibu wenye kazi halisi ya kuthibitisha njia: usahihi wa kurudia kwa siku 20, mizunguko miwili kwa siku na vipimo viwili kila mzunguko, kulinganisha na njia nyingine kwa sampuli zisizopungua 40, majaribio ya viingilizi. Mada iliyo wazi na nafuu ni viwango vya kawaida vya homoni kwa watu wetu. Mwaka 2009 kulichapishwa viwango vya damu na kemia kwa watu wazima wenye afya mashariki na kusini mwa Afrika, lakini kazi hiyo ilihusu chembe za damu na kemia ya kawaida, si steroidi. Kwa kila kundi la umri na jinsi wanatakiwa watu 120, na kuhakiki kiwango kilichokwishachapishwa huhitaji 20 tu, wasiozidi wawili wakiwa nje. Ni makala ambayo yeye atakuwa mwandishi wa kwanza, na hospitali itaitumia kesho yake.

Bioinfomatiki aiingize mwaka wa pili, kwa jeni moja badala ya kozi ya kila kitu. Ajifunze Linux na programu za samtools na R, kisha apakue bure jenomu za Waluhya wa Webuye, Kenya, zilizomo katika mradi wa Jenomu 1000, afungue eneo la CYP21A2 na kuangalia kwa macho vipande vyenye alama sifuri vinavyorundikana. Wiki mbili za zoezi hilo zinafundisha kuliko muhula wa nadharia. Atagundua pia kwamba data ya wale Waluhya haina hata kipimo kimoja cha homoni, kwa hiyo badiliko lolote atakalolikuta hawezi kulifunga. Hapo tayari ana swali la uzamivu: watoto wanaohudhuria kliniki ya endokrinolojia Nairobi au Dar es Salaam, 17-OHP na 21-deoksikotisoli kwa spektrometa, PCR ndefu na MLPA kwa jeni, wazazi wakipimwa pamoja ili ijulikane badiliko lipi limetoka upande gani. Hata watoto 30 wanatosha kwa ugonjwa adimu kiasi hiki.

Kwa idara, hatua ya kwanza ni tangazo la kazi. Mhadhiri mmoja, mwajiriwa wa chuo na si wa mradi, nusu ya muda wake kwenye maabara ya hospitali ya rufaa akisaini majibu magumu ya homoni, nusu akiainisha mabadiliko ya jeni pamoja na madaktari. Sifa zinazohitajika: usajili wa maabara, njia moja ya kipimo aliyoithibitisha mwenyewe, na uchambuzi mmoja wa jeni ngumu alioufanya mwanzo hadi mwisho. Kamati ya kupandisha vyeo iandike mapema kwamba njia ya kipimo iliyoanza kutumika hospitalini na programu inayotumiwa na wengine zina alama sawa na makala, na itaje ni alama ngapi. Bila namba hiyo kwenye karatasi, anayeajiriwa atarudi kuandika makala za malaria ndani ya miaka mitatu, na hatutakuwa na haki ya kumlaumu.